Kiti cha Pweza

Bahari ya baridi haimkaribishi mtu. Katika ghuba ya Monterey, jimbo la California, maji huwa na nyuzi 10 hadi 14 za Selsiasi sehemu kubwa ya mwaka, na aingiaye humo bila vazi huishiwa na nguvu za vidole kabla hajachoka. Kwa hiyo mzamiaji wa pwani hiyo hujifunga kama apelekwaye vitani. Huvaa vazi zito la mpira, kofia, glavu na viatu vya mpira. Hujifunga mkanda wa risasi, maana mpira ule hukataa kuzama. Hubeba mtungi wa hewa mgongoni, kisha huingia baharini kinyumenyume, akivizia nafasi baina ya wimbi na wimbi. Hana mashua ya kumchukua wala nahodha wa kumngoja. Akikosea kipimo cha nguvu zake, hurudi akitambaa juu ya mchanga mbele ya watazamaji. Ni wachache miongoni mwa wazoefu wasiopata kutambaa hivyo.

Kwa nini ajitaabishe hali bahari za joto zipo? Wakati wa masika ya huko na kiangazi, upepo wa kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, na mahali pake hupanda maji ya vilindini, yaliyo baridi na yenye rutuba nyingi. Baridi na chakula huja pamoja. Maji ya nchi za joto aghalabu huwa maangavu kwa sababu ni maskini; haya ya Monterey ni ya kijani na ukungu, na mara nyingi mzamiaji haoni zaidi ya mita chache mbele yake, lakini katika mita hizo hakuna jiwe lililo tupu.

Mswahili asikiapo neno mwani hukumbuka majani mafupi yafungwayo kambani katika pwani ya Unguja. Mwani wa Monterey ni mti. Hushika mwamba kwa mizizi isiyo mizizi, hupanda mita 20 au zaidi mpaka juu ya maji, na katika hali njema huongezeka zaidi ya sentimita 30 kwa siku moja. Kila jani lina kifuko cha hewa kinacholiinua. Chini ya dari hiyo mwanga huteremka kwa mafungu, samaki wa miambani huning'inia kimya kama waliosahau walikokuwa wakienda, na sili huja kwa nyuma akavuta pezi la mgeni kwa meno, kisha akajificha.

Humo alikuwamo mwindaji ambaye watu wengi wa nchi kavu hawakumjua. Watu wa pwani yetu humwita mnyama wa jamii yake kiti cha pweza, jina zuri kwa kitu kinachodhaniwa kukaa tu. Lakini kiti hiki kilikuwa na mikono hadi 24, upana wake ulikaribia mita 1, na kilitembea kwa haraka kikiwawinda wale viumbe wa mviringo wenye miiba, ambao hapa tuwaite nungu wa bahari. Mwaka 2013 viti hivi vilianza kujisokota, kukatika mikono na kuyeyuka kuwa ute kwa muda wa siku chache. Vilikufa kwa mabilioni, toka Alaska mpaka Mexico. Sababu haikuthibitishwa mpaka mwaka 2025, ilipotajwa kuwa ni bakteria wa jamii moja na yule wa kipindupindu.

Msiba huo ulifuatwa na joto la bahari la miaka 2014 hadi 2016. Mwani ulidhoofika, nungu wakatoka mapangoni wasimwone adui, wakala. Kaskazini mwa California msitu ulipungua kwa zaidi ya sehemu 90 katika 100. Juu ya maji bahari ilikuwa buluu kama jana. Wenye nyumba za ufuoni waliendelea kuisifu mandhari.

Monterey ilibakiza vipande vya msitu, na shukrani zake ni za fisi-maji wa baharini, ambaye wawindaji wa manyoya walikaribia kummaliza kabla ya mkataba wa mwaka 1911. Mnyama huyu hula nungu kwa wingi, lakini huchagua: humchukua yule aliyenona ndani ya mwani, humwacha yule wa jangwani, kwa kuwa mwenye njaa hana kitu ndani ya ganda. Naye nungu mtupu haharakishi kufa. Huweza kungoja miaka. Ndipo mwaka 2021 wazamiaji waliporuhusiwa kuwavunja kwa nyundo katika mwamba mmoja wa ghuba hiyo. Wako wanaosema kwamba hiyo ni jeuri ya binadamu, kusahihisha bahari kwa nyundo. Neno lao lina uzito. Ila asemaye hivyo yafaa kwanza azame akaone mwamba uliobaki miiba mitupu.

Watoto wa kiti kile sasa hulelewa katika matangi, wadogo kuliko ukucha. Mzamiaji atokapo majini jioni, midomo ikitetemeka, hufungua daftari kabla hajavua glavu ya pili. Huandika idadi ya nungu, idadi ya mashina ya mwani, na katika mstari wa kiti kikubwa huandika sifuri, kama juma lililopita.