Vitabu vya Kuchukua Uendapo Kigoma

Jumapili moja baada ya Misa mpwa wangu alikuja nyumbani, na hata shikamoo yake ilikuwa ya haraka. Mkononi ameshika barua ya kazi, kwapani ana kitabu. Barua ilisema amepangiwa kufundisha katika shule moja ya Ujiji, kando ya mji wa Kigoma, kule mwisho wa reli. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kikuukuu, hakina jalada. Alikiazima kwa rafiki yake ili apate kujua habari za huko aendako. Nami nikadhani amekuja kuaga. Kumbe amekuja kuniomba nimsaidie kuandika barua ya kukataa!

"Mjomba," akasema, "watu wa huko ni wabaya. Hapa imeandikwa."

Nikakipokea kitabu. Kilikuwa kile alichokitoa Richard Burton mwaka 1860, juu ya safari yake ya kwenda kwenye maziwa ya Afrika ya Kati. Na kweli, ndani yake Wajiji wanasemwa vibaya: ati wana kiburi, ati ni wasumbufu, ati hawana adabu kwa mgeni. Kijana wa miaka 24, ambaye hajapata kulala nje ya nchi yetu ya Tabora, akisoma maneno kama hayo usiku peke yake, moyo hauna budi kushtuka.

Nikamwuliza mambo mawili tu. Huyu mwandishi alifika lini? Naye alifika katika hali gani? Hakujua. Alikuwa amefungua pale panaposema juu ya watu, akaziruka kurasa za njiani. Basi tukaketi chini ya mwembe tukazisoma pamoja.

Burton na mwenzake Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, baada ya mwendo wa zaidi ya miezi saba kutoka pwani. Burton alikuwa hawezi kutembea kwa maradhi, akichukuliwa na wapagazi katika machela. Speke alikuwa karibu kuwa kipofu kwa ugonjwa wa macho, hata ziwa lile walilolitafuta kwa taabu yote hiyo, yeye aliliona kama ukungu tu. Mmoja hatembei, mwenziwe haoni, na nguo za kununulia chakula na kulipia hongo zapungua kila siku. Mgeni wa namna hiyo akigombana na mwenye mtumbwi juu ya nauli, jioni ataandika nini? Mwenye mtumbwi naye alikuwa na lake la kusema, lakini yeye hakupiga chapa kitabu.

Sikumwambia akitupe. Burton alikuwa mtu wa kuuliza na kuandika kila kitu, na mambo mengi ya zamani zile tusingeyajua kama si yeye. Nilimwambia asikisome peke yake.

Kijana akaona kama namtetea mtu yeyote anayekaa Kigoma. Kwa hiyo nikampa mfano wa mto Lukuga, maana yeye ni mwalimu wa jiografia, na habari za maji anazielewa upesi kuliko habari za watu.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chafika meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolishinda kwa kina. Zamani wasafiri walibishana sana juu ya mahali maji yake yanapotokea. Mwaka 1874 alifika baharia mmoja Mwingereza, Cameron. Akavuka mpaka ng'ambo ya magharibi, katika nchi ambayo leo ni Kongo, akauona Lukuga, akaandika kwamba huu ndio mlango wa maji, ingawa matete yalimzuia asiendelee. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka ziwa. Alipofika Lukuga akakuta matete na tope, na maji hayaendi kitu. Halafu mwaka 1879 akaenda Hore, naye baharia, aliyekuwa akikaa Ujiji na wamisionari wa kutoka London. Yeye akakuta mto unakwenda kwa nguvu!

"Basi mwongo ni nani?" akauliza mpwa wangu.

Hakuna mwongo. Mlango ulikuwa umeziba, na ziwa likazidi kujaa mwaka hata mwaka, mpaka maji yakakivunja kizuizi yakatoka. Kisha ziwa likashuka meta nyingi. Ndiyo sababu leo mnara wa ukumbusho wa Livingstone na Stanley pale Ujiji uko mbali na maji, na mgeni asiyejua habari hii hushangaa wale watu walishukia wapi na mitumbwi yao. Tena ziwa halikutulia hapo: tangu mwaka 2020 lilipanda upya, likaingia katika nyumba za watu wa kando. Kila mwandishi alisema kweli ya mwaka wake.

Watu wengi wakisikia jina la Ujiji hukumbuka siku moja tu, ile Stanley alipomkuta Livingstone. Kitabu cha Stanley, kilichotoka 1872, chasema ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Kwa hesabu ya Livingstone ilikuwa bado mwezi wa Oktoba. Hata siku hiyo yenye sifa kubwa namna hii, mashahidi wake wawili hawapatani tarehe! Na kabla ya kurudi Ujiji, Livingstone alikuwa Nyangwe, katika nchi ya Manyema, ambako mwezi wa Julai 1871 aliona watu wakiuawa sokoni kwa bunduki. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa maji ya mmea. Rafiki yake Waller ndiye aliyekitengeneza kitabu cha shajara hizo, kikatoka 1874, Livingstone amekwisha kufa. Mwaka 2011 wataalamu waliyatangaza yale maandishi ya gazetini yenyewe, baada ya kuyasoma kwa mianga ya namna namna, ikaonekana kwamba hayafanani kila mahali na yaliyopigwa chapa. Kumbe hata mtu akiandika alichokiona kwa macho yake, kati yake na sisi yupo mwenye kukitengeneza kitabu.

"Na kwa Kiswahili, mjomba, hakuna kitu?"

Kipo, na hapo nilifurahi kuulizwa. Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, nayo yakachapwa na Mjerumani Brode kabla mwenyewe hajafariki Unguja mwaka 1905. Whiteley naye aliyatafsiri kwa Kiingereza na kuyatoa tena pamoja na Kiswahili chake. Lugha yake ni kavu, inakwenda mbio kama msafara uliochelewa. Lakini alikuwa mfanya biashara ya pembe na watumwa, na msomaji asilisahau hilo: pembe katika kitabu chake zina hesabu, frasila kwa frasila, ila watu waliozibeba hawana majina. Kipo pia kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, alichokitoa Velten mwaka 1901, na ndani yake Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari yake ya bara mpaka Tanganyika. Huyu ndiye ninayempenda zaidi, kwa kuwa anasimulia kama mtu aliyeketi barazani.

Habari hii ya wapagazi inanigusa. Babu yake baba yangu alikuwa mpagazi. Marehemu baba alituambia kwamba alifika Ujiji mara mbili na mzigo kichwani, na mara ya pili alirudi na kovu begani ambalo hakutaka kulisemea. Nimemtafuta katika vitabu vyote hivyo. Nimekuta "wapagazi 40", "wapagazi wawili walitoroka", "mpagazi mmoja alikufa usiku". Labda mmoja wa hao ni yeye, au siye.

Yupo mmoja aliyeuzwa utumwani naye akaandika. Adrian Atiman aliibwa angali mtoto huko Afrika ya Magharibi, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa uganga kisiwani Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye mwambao wa ziwa lilo hilo, kusini ya Kigoma, akawatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67 mahali pamoja! Maisha yake kwa ufupi, kama alivyoyaandika, yalipigwa chapa mwaka 1946 katika Tanganyika Notes and Records. Ni kurasa chache tu, lakini mtu akitaka kujua mgeni anavyogeuka kuwa mwenyeji, nazisifu kuliko vitabu vinene.

Vya karibuni tulivipitia upesi, maana jua lilikuwa linatua. Meli Liemba ina vitabu vyake: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma kwa reli, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikaanza kazi tena 1927. Riwaya iitwayo The African Queen, ya mwaka 1935, ina meli ya Wajerumani ziwani, lakini ni hadithi ya kutungwa. Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025, aliandika juu ya sokwe. Hata humo mna wavuvi wakianika dagaa ufukoni, nami nilizisoma kurasa hizo kwa njaa kidogo.

Basi achukue vipi? Mshahara wa kwanza haujaja, na kuna nauli, godoro, sufuria. Vile vya karne ya 19 vingi vinasomeka bure katika simu, kwa hiyo nilimwambia Burton akae humo simuni, asije akabeba mzigo wa matusi mpaka Ujiji. Karibu naye amweke Hore, kwa sababu Hore alitoa kitabu chake mwaka 1892 baada ya kukaa na watu wale wale miaka mingi. Hakuwa mpita njia. (Mke wake naye alitoa kitabu mwaka 1886: alisafiri kutoka pwani katika kiti cha magurudumu kilichobebwa na wapagazi. Wapagazi tena!) Mkobani akatia Selemani na zile kurasa za Atiman, za kunakili. Barua ya kukataa hatukuiandika.

Amepiga simu juzi. Amepata chumba katika nyumba ya mama mmoja mzee wa Ujiji, Mmanyema, ambaye siku ya kwanza alimpa migebuka kwa ugali wa muhogo akakataa fedha. Jioni ya pili yule mama alimwuliza: "Ninyi Wanyamwezi mlikuwa mkija hapa na mizigo tangu zamani. Wa kwenu alikuwa akifikia kwa nani?"

Kijana hakuwa na jibu. Sasa ananitaka niandike yote baba aliyotuambia juu ya yule mpagazi, jina lake, la kiongozi wa msafara, na lile kovu, nimpelekee kwa gari moshi. Nimekwisha nunua daftari. Mpaka jana usiku nimejaza kurasa nne, na leo nakwenda kwa shangazi kuuliza habari za kovu.