Kikapu cha Kazi Ambazo Hazijaisha

Katika nyumba zetu nyingi kuna kikapu, au mfuko, au sanduku la zamani lililosukumwa uvunguni mwa kitanda, na wageni hawaonyeshwi. Ndani yake mna sweta lenye mgongo na mkono mmoja. Mna shuka lililodariziwa maua kwenye pembe mbili, na pembe mbili nyingine zina alama za penseli tu. Mna vitambaa vinne vya makochi, wakati makochi yanahitaji saba. Mna kitenge kilichokatwa ili kiwe gauni la mtoto ambaye sasa yuko kidato cha pili. Na juu kabisa pana donge la uzi mpya, tulilolinunua juzi kwa sababu rangi yake ilitupendeza.

Baba watoto akiliona donge hilo huuliza kwa upole, "Mama watoto, lile la kwanza limeishia wapi?" Hana nia mbaya, lakini swali huuma. Tunajiona kama watu wanaoanza mambo bila kuyamaliza. Wengine wetu tumefikia kugawa sindano zetu zote na kusema mambo ya kufuma ni ya wasichana wasio na majukumu. Hilo ndilo tunalotaka tuzungumze leo, kwa sababu mama anapoiacha kazi ya mikono aliyoipenda tangu ujana, kinachopotea ni zaidi ya kitambaa cha kochi.

Tuitazame kwanza siku yenyewe. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tuna zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku. Wiki ya zamu ya usiku mwili hausemi saa za wenzake: tunarudi nyumbani watoto wanapokwenda shule, tunalala jua likiwaka, tunaamka kupika. Wiki ya zamu ya asubuhi tunatoka kabla uji haujapoa. Jioni kuna madaftari ya kukagua, sare za kufua, mgonjwa wa jirani wa kumjulia hali. Alhamisi kuna mazoezi ya kwaya, Jumamosi usafi wa kanisa, na msiba haupigi hodi. Walimu, wakulima na wafanyabiashara wenzetu wana orodha zao, na si fupi kuliko hii. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, lakini mama hashiki mbili. Anashika saba tangu alfajiri, na hakuna aliyemuuliza angependa kuiachia ipi. Ile inayoachiwa kwanza ni ile isiyolia njaa, yaani kikapu.

Basi kazi nyingi zimesimama kwa kukosa nusu saa, wala si kwa uvivu. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumejifariji tu, na kikapu kitazidi kujaa. Uzi ni fedha, na fedha iliyolala uvunguni ingeweza kununua madaftari. Tena kila kazi iliyosimama inatudai kitu kila tunapoiona, mpaka tunaogopa hata kukifungua kikapu.

Wodini tumejifunza jambo ambalo lingetusaidia nyumbani. Hakuna muuguzi anayemaliza kazi ya wodi. Zamu yake inapokwisha, wagonjwa bado wako vitandani, dripu bado zinashuka, vidonda bado havijapona. Wala hatuoni aibu kutoka tukiwaacha. Kinachotakiwa ni kukabidhi. Tunaandika katika kitabu cha ripoti: mgonjwa huyu amepewa dawa saa kumi na mbili, huyu dripu yake itaisha saa mbili, huyu joto limepanda lipimwe tena baada ya saa moja. Kisha tunapita kitanda kwa kitanda pamoja na wanaoingia. Muuguzi anayeingia akijua pa kuanzia, mgonjwa hapati madhara kwa mabadiliko ya zamu. Asipojua, anapoteza muda kutafuta kilichofanyika, na wakati mwingine muda huo ndio uhai wa mtu. Muuguzi mwema hujulikana kwa namna anavyoiacha wodi.

Hebu tukipe kikapu chetu ripoti. Kila kazi iwe na mfuko wake, na ndani ya mfuko kipande cha karatasi: sindano namba ngapi, vitanzi vingapi, tumefika mstari wa ngapi, linalofuata ni nini, na kazi hii ni ya nani. Kazi nyingi za kufuma zinatushinda kwa sababu hiyo tu. Tunapata nusu saa, tunaitumia yote kuhesabu vitanzi na kukumbuka mchoro, halafu mtoto anaita. Lakini karatasi ikiwa mle ndani, nusu saa ileile inatoa mistari kumi.

Yako na mambo madogo ya kuiacha kazi vizuri. Sindano ya chuma isiachwe imechomekwa katika kitambaa cha kudarizi, kwani ikipata unyevu hutoa kutu, na doa la kutu halitoki kirahisi. Fremu ya mviringo ifunguliwe, kwa sababu ikikaa miezi huacha alama ya duara na vumbi hukaa hapohapo. Uzi wa sweta ununuliwe wote kwa mara moja, na ile karatasi yake ihifadhiwe, maana hata rangi yenye jina moja hutofautiana kidogo kila inapochovywa upya. Mkono wa kushoto ukifumwa kwa uzi wa mwaka mwingine, tofauti huonekana juani.

Mama zetu na bibi zetu walilijua jambo hili pasipo kufundishwa chuoni. Mama yetu mzazi alikulia Pangani, mahali ambapo wanawake husuka ukili. Wale wasioufahamu, ukili ni ule mkanda mrefu unaosukwa kwa chane za ukindu au miyaa, ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Majani huchanwa, hukaushwa, mengine huchemshwa katika rangi, na kabla ya kusuka hulowekwa kidogo ili yasikatike. Ukiutazama ukili utaona ni kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye shughuli nyingi. Unasukwa mahali popote: barazani, chini ya mwembe, ukimngoja daktari. Maharage yakichemka, unauviringisha na kuuweka kando. Ukirudi, unaongeza chane mpya pale ya zamani ilipoishia, na unaendelea. Akina mama wa Ukambani na Uchagani? Hapana, tuseme hasa wale wa Ukambani na Ukikuyu, kule Kenya, wamesuka viondo kwa mtindo huohuo, wakitembea njiani na kuzungumza huku vidole vikiendelea. Hakuna aliyesubiri siku nzima isiyo na kazi, kwa maana siku ya namna hiyo haikuwapo.

Mama yetu alipofariki, sisi binti zake tulikuta juu ya kabati ukili umeviringishwa vizuri na kufungwa kwa kamba. Kando yake palikuwa na fungu la chane zilizokwisha kutiwa rangi, zimepangwa kwa urefu, na kipande cha mkeka kilichoshonwa kufika nusu. Hakuacha maelezo yoyote, wala hayakuhitajika. Ilikuwa wazi pa kuanzia. Tulikaa jioni kadhaa baada ya wageni wa msiba kuondoka, tukasuka na kushona. Mkono wetu si kama wake. Wake ulibana, wetu umelegea, na hata mtoto mdogo anaweza kuonyesha kwa kidole mahali alipoishia bibi na mahali tulipoanzia sisi. Mkeka huo unatumika nyumbani mpaka leo. Tunadhani angeacha fujo ya majani yaliyokauka tungeyafagia, na pengine tungelia zaidi. Aliacha kazi ambayo ilikuwa tayari kupokewa.

Tumeeleza hayo kwa sababu wengi wetu tunaamini kazi ni mali kamili ya aliyeianza, na ama aimalize yeye au ife. Sivyo. Sweta la mtoto wa kwanza ambaye amekua linaweza kumfaa wa tatu. Gauni lililokatwa linaweza kupelekwa kwa binti anayejifunza cherehani, akalipata la kujifunzia. Vitambaa vinne vya makochi vinatosha meza moja kubwa na mbili ndogo. Na kazi ambayo hatuipendi tena, tuifumue tu, uzi tuuvingirishe, tuuoshe uning'inie mpaka unyooke, uingie katika kazi nyingine. Kufumua nako ni kumaliza.

Kwa hiyo tukikifungua kikapu tupange mafungu matatu: ya kumaliza, ya kumpa mwingine, na ya kufumua. Katika fungu la kumaliza zibaki mbili tu, moja kubwa ya kukaa nyumbani na moja ndogo ya kutembea nayo mkobani. Uzi mpya usiingie mpaka moja itoke. Picha za mitindo mipya zitaendelea kuja kwenye simu kila siku, nazo ni nzuri, lakini hazijui tuna uzi kiasi gani uvunguni.

Kwa hiyo kazi ndogo ya mkobani, sisi wa wodi ya wazazi tuna pendekezo. Ni kofia za watoto njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito wa chini ya gramu 2,500, hupoteza joto upesi. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake. Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey alianza kuwaweka watoto hao kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za kuwatunzia hazikutosha. Njia hiyo, tunayoiita ya kangaroo, leo inatumika katika nchi nyingi, zetu zikiwamo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianzwe mapema iwezekanavyo baada ya mtoto kuzaliwa, na mtoto abebwe hivyo kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Mtoto anayebebwa hivyo huvaa nepi, soksi na kofia, basi.

Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina mzunguko wa karibu sentimeta 35, na cha njiti huweza kuwa chini ya 30. Kofia ya kichwa hicho inaisha kwa jioni mbili. Tumia uzi laini unaovumilia kufuliwa mara nyingi, bila shanga, bila vifungo, bila utepe wa kufunga shingoni. Ukishazifuma, zungumza kwanza na muuguzi kiongozi wa wodi, maana kila hospitali ina utaratibu wake wa usafi. Tumewaona mama wakiwa wamejaa hofu, wamekaa na mtoto kifuani anayelingana na kiganja, wakiigusa ile kofia na kuuliza ni nani aliyeifuma. Tunawajibu kwamba ni mama mmoja ambaye hakuwa na nafasi.

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume tunasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea. Hatuambiwi alikuwa na nguo ngapi ambazo hakuwahi kuzimaliza. Ikiwa alikuwa mshonaji kama washonaji tunaowajua, zilikuwapo.

Liko jambo la mwisho, nalo linahusu wale tunaoishi nao. Nusu saa ya mama haitokei yenyewe. Inafaa ijulikane nyumbani kuwa, kwa mfano, Ijumaa baada ya chakula cha jioni mama anafuma, na vyombo vinaoshwa na wakubwa. Tukiwaambia kwa upole na kushika siku ileile, wanazoea. Baba watoto akiona sweta moja limevaliwa, swali lake la uzi litapungua. Na watoto, wa kike kwa wa kiume, wakae karibu washike donge la uzi, wajifunze kuhesabu vitanzi. Wanatuona tukichoka kila siku. Ni vizuri watuone pia tukifurahi kwa kitu kilichotoka mikononi mwetu.

Basi, akina mama wenzetu, wiki hii kivuteni kikapu kutoka uvunguni. Msikitazame kama hakimu. Kitazameni kama mnavyoitazama wodi wakati wa kukabidhiana zamu: nani anahitaji nini, nani aendelee, pa kuanzia ni wapi. Andikeni karatasi zenu, gaweni cha kugawa, fumueni cha kufumua. Kisha shikeni sindano kwa nusu saa hiyo mliyo nayo. Mungu aibariki mikono yenu, na ile itakayopokea kutoka kwenu.