Mashine Moja Itangulie

Katika gazeti letu tumezoea kusoma habari za michezo, mabweni na safari. Muhula huu naomba nafasi kidogo nieleze habari za kompyuta, maana siku hizi alama zetu, barua za wazazi na hesabu za stoo zote zimo humo, na mashine hizo zikikataa kuwaka shule nzima huona taabu.

Kwanza yafaa ifahamike jinsi kompyuta inavyoamka. Ukibonyeza swichi, programu ndogo iliyomo katika ubao wa ndani huamka kabla ya vyote, ikakagua viungo vya mashine. Kisha huitafuta katika diski programu nyingine ambayo kazi yake ni kuuleta mfumo endeshi, nao mfumo endeshi ukisha kuja huziita programu za kuongoza vifaa. Ni kama zamu ya asubuhi hapa shuleni: mlinzi hufungua lango, kiranja hupiga kengele, ndipo wanafunzi hutoka mabwenini. Mmoja asipotimiza kazi yake, wa nyuma yake hungoja bure.

Basi mfumo endeshi hauachwi kama ulivyonunuliwa. Watengenezaji hutuma masasisho mara kwa mara, aghalabu ili kuziba matundu ambayo wezi wangepitia. Lakini sasisho hugusa zamu ile ile niliyoieleza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au programu mpya isipopatana na kifaa cha zamani, zamu huvunjika na mashine haiamki.

Jambo hilo lilitufika muhula uliopita, katika juma la kufunga shule. Kompyuta zetu 12 zilipokea sasisho zote kwa pamoja Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa ndivyo zilivyopangwa tangu zilipoletwa. Jumatatu asubuhi mimi na wenzangu wa zamu tulipoziwasha, saba ziliamka na tano hazikuamka. Chapa ya mtengenezaji hutokea kiooni, kisha giza, kisha chapa tena, bila kikomo. Na katika moja ya hizo tano zilikuwamo alama za Kidato cha Pili, ambazo wazazi walizitazamia siku ya Alhamisi.

Nilikwenda mbio kwa mwalimu wetu. "Shikamoo, Mwalimu. Kompyuta tano hazitaki kuamka."

"Marahaba. Hazitaki, au zimepotewa na njia?" akauliza, akachukua daftari lake tukafuatana.

Fundi mmoja aliyeitwa kutoka mjini alitazama kidogo akasema kwamba dawa ni kufuta yote na kuanza upya. Mwalimu akamshukuru, lakini akakataa. Alitueleza neno ambalo sitalisahau: mashine isiyowaka si mashine iliyopoteza kazi zake. Mfumo ndio ulioharibika. Maandishi yetu yangali katika diski, nayo hayaondoki mpaka mtu ayafute.

Akaanza kwa utaratibu. Alichomoa vifaa vyote vya nje, maana pengine kompyuta hupotea kwa kujaribu kuamkia katika kifaa kisicho chake. Mashine nyingi za leo zikishindwa kuamka mara mbili tatu mfululizo hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Hapo alichagua kuliondoa sasisho la mwisho, na tatu zikapona. Ya nne ilidai ufunguo wa tarakimu 48, kwa kuwa diski yake ilikuwa imefungwa kwa siri. Mwalimu alikuwa ameuandika katika daftari lile, ikafunguka. Ya tano, yenye alama, haikukubali lolote. Tukaitoa diski yake, tukaiunganisha na mashine nzima, na alama zote zikaonekana. Alhamisi wazazi walipata barua zao.

Baada ya hayo wenzangu wengi walisema, "Basi tusisasishe tena." Sikubaliani nao. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilipita katika tundu lile, ikazifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100. Huko Uingereza hospitali kadha wa kadha ziliahirisha kuwatibu wagonjwa. Walioumia walikuwa wale ambao mashine zao hazikuwa zimepata sasisho. Kukataa dawa kwa sababu ni chungu si akili.

Lakini kumpa kila mtu dawa mpya kwa saa moja nako si akili. Tarehe 19 Julai 2024, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho la programu yake ya ulinzi. Ndani yake palitakiwa kusomwa kitu cha 21, ilhali vilivyoletwa ni 20. Kwa kosa hilo dogo kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka, kwa makadirio ya Microsoft, na ndege maelfu hazikuruka. Kosa lilirekebishwa kabla ya saa moja na nusu kupita. Lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka hazikuweza kupokea marekebisho, maana haziamki. Ikabidi watu waziendee moja moja kwa mikono. Baadaye kampuni hiyo ilitangaza kwamba masasisho ya namna hiyo yatapelekwa kwanza kwa wachache, ndipo yaenee.

Hilo ndilo funzo ninalotaka kuwaachia. Mtu avukaye mto asioujua hupima kina kwa fimbo. Hajitumbukizi mzima na mizigo yake. Muhula huu chumba chetu kina kanuni nne ukutani. Mashine moja itangulie kusasishwa, nyingine zingoje juma zima. Kabla ya kusasisha, kazi zote zinakiliwe mahali pa pili. Funguo za diski ziandikwe katika karatasi na kufungiwa ofisini. Na katika juma la mitihani au la kufunga shule, mashine yoyote isiguswe.

Kanuni hizi hazihitaji fedha, ila subira na daftari. Wazazi wenye kompyuta dukani au nyumbani nao wanaweza kuzifuata, hata kama mashine ni moja tu: nakili kwanza, sasisha baadaye, wala usifanye hivyo usiku wa kuamkia siku ya kazi kubwa. Akiba haiozi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano