Mtu Wako Akianguka Mchujo, Kura Yako Haijaanguka

Wacha tuseme ukweli, wasee. Kati ya sasa na Agosti 10, 2027, wengi wetu tutalia kabla hata uchaguzi wenyewe haujafika. Utatembea na mwaniaji wako miezi mingi, utavaa tishati yake, utagombana na marafiki kwa sababu yake, halafu siku ya mchujo chama kiseme tiketi imeenda kwa mwingine. Kesho yake unaamka na hasira na swali moja: nimpigie huyu aliyemwangusha mtu wangu, nikae nyumbani, ama nivuke niende kwa mgombea wa chama kingine?

Wazee wengi wana jibu la haraka: ukivuka wewe ni msaliti. Mimi nimekaa na hili swali muda mrefu, nikiwa hapa Kitale na nikienda Bungoma kwa watu wetu, na msimamo wangu ni huu. Kuvuka ni haki yako, na mara nyingine ndiyo akili. Lakini ukivuka bila kujua unafuata nini huko, umebadilisha tishati tu.

Tuanze na Bungoma, kwa sababu Bungoma imeonyesha hii kitu wazi sana. Mwaka wa 2013, Ken Lusaka alichaguliwa gavana wa kwanza wa kaunti kwa tiketi ya New Ford Kenya. Mwaka wa 2017 alirudi debeni na Jubilee, akaangushwa na Wycliffe Wangamati wa Ford Kenya. Mwaka wa 2022 wakakutana tena. Safari hii Lusaka ndiye alikuwa Ford Kenya, na Wangamati alikuwa DAP-K. Lusaka akashinda.

Sasa mfikirie mpiga kura wa Ford Kenya ambaye hajawahi kuhama, yule wa simba mpaka kaburini. 2017 aliambiwa Lusaka hafai, akamkataa. 2022 akaambiwa huyo huyo Lusaka ndiye mtu wetu, akamchagua. Wangamati aliyemshangilia miaka mitano nyuma amekuwa mpinzani. Mpiga kura huyu hakusonga hata hatua moja, wanasiasa ndio walimzunguka. Jirani yake naye alibaki na Wangamati kwa sababu alipenda kazi yake, na mtaani akaitwa mhamaji. Kati ya hao wawili, nani alibadilisha msimamo?

Mfano huu nilimpa kukhu wangu, anayeishi upande wa Chwele. Alicheka kwanza. Kisha akaniambia, "Wewe unaongea kuhusu watu. Mimi naongea kuhusu nyumba." Kwake chama ni boma. Ukikosana na ndugu yako, huendi kulala kwa jirani ukimwambia jirani siri za kwenu. Na alikuwa na hoja ya pili ambayo siwezi kuitupa. Nairobi watu hugawana viti kwa vyama. Moses Wetangula alikaa kwenye meza ya Kenya Kwanza akiwa kiongozi wa Ford Kenya, na Septemba 2022 akawa Spika wa Bunge la Taifa. Kukhu anauliza: kama kila aliyekasirika angehama, ni chama gani kingekuwa na watu wa kukifikisha kwenye hiyo meza?

Nampa heshima yake, na naongeza hoja moja upande wake mwenyewe. Mchujo una maana tu kama anayeshindwa anakubali ameshindwa. Ukiingia mchujo ukijua kwamba usiposhinda utahama, hukuwa unashindana, ulikuwa unatisha watu. Kwa hivyo swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kupiga hatua ni hili: mtu wangu alianguka vipi? Kama watu walipiga foleni, kura zikahesabiwa wakiona, na akapata chache, basi unadaiwa kitu kidogo: kumsikiliza aliyeshinda kabla hujamkataa. Lakini kama cheti kilipatikana hotelini usiku, hakuna deni. Huwezi kudaiwa uaminifu na mtu ambaye hakuheshimu kura yako.

Lakini pia hiyo nyumba ya kukhu ina kuta zinazosonga. Agosti 2022, Ford Kenya na UDA walitafuta kura za urais Bungoma wakiwa mrengo mmoja. Wetangula alipokuwa Spika, kiti chake cha useneta kikabaki wazi, na Desemba 8, 2022 kukawa na uchaguzi mdogo. Nani walipambana? Wafula Wakoli wa Ford Kenya na Mwambu Mabongah wa UDA. Ndugu wa Agosti walikuwa wapinzani Desemba. Wakoli akashinda, na mrengo ukaendelea kama kawaida. Kama wao wanaweza kushindana na bado wakala pamoja, sisi tunakatazwa nini?

Binamu yangu ni mtu wa boda kwenye steji moja huko Bungoma. Mwaka wa 2022 yeye na wenzake walisimama na mwaniaji mmoja wa MCA, jamaa wa hapo hapo ambaye walimjua tangu shule. Siku ya mchujo ikafika. Matokeo yalisomwa kabla sanduku la kituo kimoja kufika, na cheti kikaenda kwa mwingine. Chama sikitaji, kwa sababu ukiuliza utapata hadithi kama hii karibu kila wadi.

Steji ikagawanyika mara tatu. Wengine wakasema simba, jogoo, wilibaro, yote ni uongo, hatupigi kura. Wengine wakataka kumpigia mgombea wa chama pinzani usiku huo huo, ili tu yule aliyewaibia aone aibu. Binamu yangu na wenzake saba wakafanya kitu kingine. Waliwaita wagombea wawili, yule aliyepewa cheti na yule wa chama kingine, waje steji. Walikuwa na ombi moja: orodha ya basari ya wadi, majina na pesa, ibandikwe kwa ukuta wa ofisi ya chifu kila mwaka.

Aliyepewa cheti hakuja. Alituma kijana na mia mbili mbili za chai. Yule wa chama kingine alikuja, akakaa kwenye benchi, akaulizwa, akakubali mbele ya kila mtu. Wakavuka. Jamaa akashinda. Mwaka wa kwanza orodha ilibandikwa. Mwaka wa pili ikachelewa, na wale wasee wakaenda ofisini kwake mara tatu mpaka ikatoka. Waliweza kwenda kwa sababu walikuwa na kitu cha kudai. Wale waliovuka kwa hasira walimaliza kazi yao siku matokeo yalipotangazwa, baada ya hapo hawakuwa na neno la kumwambia. Ndiyo, kukhu alikaa bila kumwongelesha binamu yangu hadi Krismasi. Hiyo ni gharama ya kweli, na ukiamua kuvuka ujue unaweza kulipa.

Mwaka wa 2002 ulitufundisha somo hilo hilo kwa nchi nzima, wakati wengi wenu hamjazaliwa. Moi alimchagua Uhuru Kenyatta kuwa mgombea wa KANU, na wakubwa waliotaka hiyo tiketi, akina Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na George Saitoti, wakatoka. Oktoba 14, pale Uhuru Park, Raila akasema "Kibaki tosha". Yaani watu walionyimwa tiketi nyumbani kwao waliamua kumuunga mkono mpinzani wa chama chao. Upande wa Kibaki kulikuwa tayari na mtu wetu, Wamalwa Kijana wa Saboti, kiongozi wa Ford Kenya, aliyekuwa amewania urais mwenyewe mwaka wa 1997. Naye alikubali Kibaki awe mbele. Desemba 27, NARC ikashinda, na Wamalwa akawa Makamu wa Rais hadi kifo chake Agosti 2003.

Angalia nani alipata nini. Viongozi waliandikiana mkataba wa kugawana vyeo. Mkataba ukavunjika, wakagombana, na kufikia kura ya maamuzi ya Novemba 2005 walikuwa pande mbili, ndizi na chungwa. Lakini mwananchi aliyevuka alikuwa ameahidiwa kitu ambacho angeweza kukitaja kwa jina: elimu ya msingi bila malipo. Januari 2003 watoto walifurika shuleni. Ukimuuliza mzazi wa wakati huo kama alifanya vibaya kuacha KANU, hatakujibu kuhusu mkataba, atakujibu kuhusu karo. Hilo ndilo swali la pili: nilitaka nini kwa mtu wangu, na hicho kitu sasa kiko kwa nani?

Kuna kitu kingine tunasahau. Ukiingia kituoni unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA. Wanasiasa wanataka upige zote chama kimoja, suti ya vipande sita. Hapa Trans Nzoia mwaka wa 2022 watu walikataa kuvalishwa. Ugavana ulienda kwa George Natembeya wa DAP-K, na Chris Wamalwa wa Ford Kenya akakosa. Useneta ukaenda kwa Allan Chesang wa UDA, na mwakilishi wa wanawake pia akawa wa UDA, Lillian Siyoi. Wabunge je? Kiminini na Cherangany DAP-K, Saboti ODM, Kwanza Ford Kenya, Endebess UDA. Kaunti moja, vyama vinne. Kwa hivyo mtu wako akianguka mchujo wa kiti kimoja, hujalazimika kuhama nyumba nzima. Unaweza kuvuka kwa karatasi moja na kubaki kwa tano.

Na kukaa nyumbani? Hapo ndipo nakataa kabisa. Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo tunarudi debeni. Viti vingine vyote vitano anayeongoza anachukua, hata kwa kura moja. Usipoenda, yule aliyemnyang'anya mtu wako haumii. Anafurahi, kwa sababu umempunguzia kazi.

Neno moja la sheria, maana watu hutishwa bure. Kura yako ni ya siri, na hakuna chama kinaweza kukushtaki kwa ulivyoipiga. Lakini kama umesajiliwa mwanachama na unasimama hadharani kukipigia debe chama kingine, Sheria ya Vyama vya Siasa inaweza kukuhesabu kama umejiuzulu. Na kama unataka kuwania mwenyewe kama mgombea huru, Katiba inasema usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ingia eCitizen uangalie uko chama gani. Mwaka wa 2021 watu wengi walijikuta wamesajiliwa kwa vyama ambavyo hawajawahi hata kuvikaribia.

Mimi mwenyewe nina mtu wangu. Ni dada mmoja anayetaka wadi yetu hapa Kitale. Hana pesa za kumwaga, na anaweza kukutana na wanaume wawili walio nazo. Namuunga mkono kwa sababu amesema atachimba mitaro ya soko ambapo mama yangu anauza mboga. Mvua ikinyesha, maji yanaingia chini ya meza na sukuma ya siku mbili inaharibika. Sitaki salamu za mheshimiwa. Nataka mama asimame pakavu.

Akianguka kwa haki, nitaenda kwanza kwa aliyemshinda na hiyo karatasi ya mitaro. Akinisikiliza, nitampigia kura ingawa moyo utauma. Akinipa mia mbili ya chai, nitaenda kwa mgombea wa chama kingine na karatasi hiyo hiyo. Nilimwambia huyo dada mapema, asije akasikia kwa watu. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi hakikisha naye pia amepita hapo sokoni mvua ikinyesha."

Sasa ni zamu yako. Kabla ya mchujo kufika, andika hapa chini kitu kimoja unachotaka kwa wadi yako, kitu ambacho unaweza kukionyesha kwa kidole. Usiniandikie jina la mtu.