Ndege wa Manyara na Somo la Hondohondo

Mama msomaji, mkipata siku moja ya mapumziko na watoto, nendeni Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960. Lango lake liko Mto wa Mbu, na ina zaidi ya aina 400 za ndege.

Fikeni asubuhi mapema, ndege wanapotafuta chakula. Chukueni darubini, daftari na penseli. Kwa kila ndege andikeni mambo manne: ukubwa, umbo la mdomo, rangi, na anachofanya. Ziwani tafuteni heroe. Mwenye mdomo mwekundu uliokoza, karibu kuwa mweusi, ni heroe mdogo. Yule mrefu zaidi, mwenye mdomo wa waridi na ncha nyeusi, ni heroe mkubwa.

Msituni, karibu na lango, sikilizeni kishindo cha mabawa. Ni hondohondo. Jike huingia katika tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki mwanya mwembamba tu. Dume humletea matunda hapo, yeye na kinda, kwa miezi mitatu hivi au zaidi. Sisi wauguzi wa wodi ya wazazi twawajua akina baba wengi. Huyu anastahili sifa.

Lakini dume akipigwa manati, waliomo tunduni huenda wakafa njaa. Na mti mkubwa ukikatwa, hakuna pa kulea. Mama, mwonyeshe mwanao hondohondo akirudi na tunda mdomoni, kabla hajajifunza kulenga.