Grogan: Hospitali ya nyumba zenye magurudumu

Ukiteremka kutoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Globe, utaisikia Grogan kabla hujaiona. Nyundo zinagonga mabati, injini zinanguruma, na vijana wanakuita kila upande wakikuuliza unatafuta kipuri cha gari gani. Kwenye ramani mahali hapa ni Barabara ya Kirinyaga, lakini mafundi na wenye magari wangali wanapaita Grogan. Mbele kuna maduka ya vipuri yaliyobanana. Nyuma yake, kwenye mteremko wa kuelekea Mto Nairobi, kazi hufanywa juani.

Jina hilo la kale ni la Ewart Grogan, Mwingereza aliyesafiri kutoka kusini mwa Afrika akafika Cairo mwaka 1900. Historia ya Kenya inamkumbuka pia kwa jambo la aibu: mwaka 1907 aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi.

Leo njia ya kutoka Cape hadi Cairo inapitwa na wasafiri wa namna nyingine. Hawa husafiri na nyumba zao. Ndani ya gari moja mna kitanda, jiko la gesi, sinki na jokofu dogo. Wakifika Nairobi, wengi husimama kutengeneza magari kabla ya kuendelea. Mengi ya magari hayo ni makuukuu, na yakiugua, mara nyingi ugonjwa huwa ni umeme.

Betri mbili, kazi mbili

Gari la kawaida lina betri moja. Nyumba yenye magurudumu aghalabu huwa na mbili. Ya kwanza huwasha injini. Ya pili ni ya nyumbani: taa, pampu ya maji na jokofu. Injini ikinguruma, altaneta huzijaza zote mbili. Injini ikizimwa, kifaa kidogo kiitwacho relei huzitenganisha, ili watu wasiamke asubuhi wakakuta taa za usiku zimemaliza nguvu za kuwashia gari.

Msomaji aliye shuleni atakumbuka somo la fizikia: umeme ukitoka lazima urudi. Katika gari, hutoka kwenye ncha chanya ya betri kupitia waya, ukafanya kazi yake, kisha ukarudi kwenye ncha hasi kupitia bodi ya chuma. Kwa hiyo kutu kidogo tu kwenye bodi, au skrubu iliyolegea, yaweza kuzima taa ambayo balbu yake ni nzima.

Barabara zetu nazo huchangia. Kabla ya lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale kukamilika katika miaka ya 2010, kokoto na matuta ya njia hiyo vilitikisa magari hadi nati zikajifungua zenyewe. Hata leo, msafiri akiacha lami akaelekea Ziwa Turkana, mtikisiko ni ule ule.

Kombi iliyochoka

Alasiri moja mwandishi huyu alikuta Volkswagen Kombi ya miaka ya 1970 imeegeshwa katika gereji mojawapo ya hapo. Wenyewe walikuwa familia ya Kijerumani: baba, mama na watoto wawili ambao usiku hulala nyuma, juu ya injini. Gari lilikuwa likisukumwa kila asubuhi ndipo liwake. Taa za ndani zilikuwa hafifu, na betri hazikujaa hata baada ya safari ya kutwa. Tayari walikuwa wameshauriwa wanunue stata, altaneta na betri mbili mpya. Fedha hizo zingekula nauli yao yote ya kufika Moyale.

Fundi, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisikiliza bila kugusa kitu. Kisha akamwambia baba, "Bwana, usinunue chochote kwanza."

Alipima betri kwa mita: volti 12.6, yaani imejaa. Akaweka ncha moja ya mita kwenye injini na nyingine kwenye ncha hasi ya betri, akaomba ufunguo uzungushwe. Mita ambayo ilipaswa kusoma chini ya nusu volti ilipanda hadi volti nne. Umeme ulikuwa umekosa njia ya kurudi.

Injini ya gari hukaa juu ya mipira, haigusi bodi. Ndiyo maana huunganishwa na bodi kwa mkanda wa nyuzi za shaba. Fundi aliingia chini ya gari, akatoka na kipande cha mkanda huo kimeliwa na kutu. Kisha akamwita mwanafunzi wake aguse kebo ya aksileta. Ilikuwa ya moto. Umeme mkubwa wa stata, kwa kukosa mkanda, ulikuwa ukirudi kupitia kebo hiyo nyembamba, karibu na petroli, chini ya kitanda cha watoto. Mama aliyekuwa akisikiliza alinyamaza, akawavuta wanawe karibu naye.

"Kijana wangu," fundi alimwambia mwanafunzi, "ukiona taa zinafifia, stata inachoka na betri haijai, yote kwa pamoja, usitafute magonjwa matatu. Tafuta ugonjwa mmoja."

Chuma kilisuguliwa kwa msasa hadi kikang'aa, mkanda mpya ukafungwa, grisi ikapakwa juu kuzuia kutu. Gari liliwaka mara moja. Gharama haikufika robo ya bei ya stata.

Kabla ya kufunga safari

Wenye magari ya kawaida nao wana la kujifunza Grogan. Kwanza, pima kabla ya kununua. Betri iliyopumzika ikisoma volti 12.2, imebaki nusu. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo, kagua nyaya, mkanda wa injini na kutu kabla ya kulaumu altaneta.

Pili, fahamu kinachokula umeme. Jokofu linalovuta ampea 8 humaliza betri ya ampea-saa 80 kwa saa 10. Ukilala porini, litumie kwa gesi ikiwa linakubali, na uache dirisha wazi kidogo.

Tatu, fyuzi ikiungua mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi hufa ili waya usiwake moto. Mtafute aliyeiua.

Kinga ni bora kuliko tiba, na huko nje ya lami kinga hiyo huwa ni kipande cha msasa, mita ndogo na mtu mwenye subira ya kufuata waya mmoja hadi mwisho wake. Watu wa namna hiyo wako wengi pale mtoni, na hawatoi bei kabla ya kupima.