Jina la Ngũgĩ Katika Katalogi

Nikikabidhiwa katalogi mpya, kitabu cha kwanza ninachokiingiza ni Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliianza kwa Kikuyu akiwa kizuizini Kamiti, ikachapishwa mwaka 1980. Vitabu vya Kiswahili havinifai kwa kazi hiyo. Lugha yetu huandikwa kwa herufi zisizo na alama, na herufi hizo hupita salama karibu katika kila usimbaji, yaani namna ya kugeuza herufi kuwa baiti. Mkutubi anaweza kujaza rafu nzima za Kiswahili ndani ya mfumo mbovu asishtuke. Kikuyu, Kikamba na Kimeru, zenye ĩ na ũ, huweza kuufichua ubovu siku hiyohiyo.

Sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya na Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand, ikaanza kutumika katika maktaba za Horowhenua Januari 2000. Faili lake la koha-conf.xml huiambia programu ilipo hifadhidata: jina la seva, mlango, ambao kwa kawaida ni 3306, jina la mtumiaji na nenosiri. Wengi huishia hapo, bila kukagua usimbaji wa muunganisho kati ya programu na hifadhidata. Vitabu vikionekana kwenye skrini, wanaondoka.

Katika maktaba moja ya chuo, jina la Ngũgĩ lilionekana sawasawa kwa miaka. Tulipohamia seva mpya, ambayo muunganisho wake ulitangazwa kuwa UTF-8 ipasavyo, likageuka NgÅ©gÄ©. Wenzangu waliilaumu seva mpya. "Turudi kwa ile ya zamani, mama, ilikuwa haina shida," aliniambia kijana wa kompyuta. Nilimwomba tuache skrini, tutazame baiti.

Herufi ũ katika UTF-8 ni baiti mbili, C5 A9. Sisi tulikuta nne: C3 85 C2 A9. Seva ya zamani ndiyo iliyokuwa na kasoro. Programu ilituma UTF-8, lakini muunganisho uliiambia hifadhidata kwamba kinachokuja ni latin1. Hifadhidata ikautii, ikaichukulia kila baiti kuwa herufi kamili, ikaisimba upya. Wakati wa kusoma, muunganisho uleule ulirudisha kila kitu kinyume, na macho hayakuona kitu. Kosa la kuingia lilifunikwa na kosa la kutoka.

Tulisimamisha uingizaji mara moja, maana rekodi sahihi zikichanganyika na zilizosimbwa mara mbili, usafi huwa mgumu maradufu. Tulitoa data kupitia latin1 ili baiti zirudi zilivyokuwa, tukabadilisha tamko lililo mwanzoni mwa faili la data hiyo liwe utf8mb4, kisha tukaiingiza upya. Nachagua utf8mb4 kwa makusudi: ile ambayo MySQL, programu ya hifadhidata, iliiita utf8 tangu awali haipokei herufi inayozidi baiti tatu. Katalogi ikapona yote.

Jedwali la wasomaji halikupona. Lilikuwa la latin1, na usimbaji huo hauna ũ wala ĩ. Kila herufi kama hiyo ilipoingia humo kupitia muunganisho mwingine, uliotangazwa kuwa UTF-8, hifadhidata iliandika alama ya kuuliza na kusahau kilichokuwepo. NgÅ©gÄ© inachukiza macho, lakini jina bado limo ndani yake; Ng?g? ni jina lililopotea, na hakuna amri ya kulirudisha. Mwanafunzi aitwaye Mũthoni alikuwa amebeba kadi ya M?thoni tangu mwaka wa kwanza, akidhani ndivyo maktaba inavyoandika. Jambo hilo liliniuma sana. Mtu akiaminiwa kukopeshwa vitabu, anastahili jina lake kamili.

Tulitoa orodha ya majina yote yenye alama ya kuuliza, tukaipeleka kwenye dawati la kuazima. Kila mwenye jina alipokuja, aliandika jina lake kwa mkono wake, nasi tukaliingiza mbele yake, tukamchapishia kadi nyingine palepale.